Ellen Swallow Richards: Mwanafunzi Aliyesamehewa Ada, Akapima Maji ya Jimbo Zima

Mwanachuo yeyote anajua uzito wa neno ada. Ukiambiwa leo kwamba umepata nafasi ya kusoma na hutadaiwa hata senti moja, utapiga simu nyumbani kabla hujamaliza kusoma barua. Desemba ya mwaka 1870, huko Marekani, dada mmoja wa miaka 28 alipata habari ya namna hiyo. Alikuwa ameomba kusoma kemia katika chuo kipya cha teknolojia mjini Boston, chuo ambacho leo dunia nzima inakijua kwa jina la MIT. Wakamjibu aje, na ada asilipe. Alifurahi, maana alidhani wameona hali ya kwao ni ya chini, wakamhurumia.

Baadaye ndipo alipopata kuujua ukweli. Chuo kile kilikuwa hakijawahi kupokea mwanamke. Kwa kutomtoza ada, kilimweka nje ya hesabu ya wanafunzi wake, ili mdhamini au mwanafunzi yeyote akilalamika, mkuu wa chuo aweze kujitetea kwamba huyu si mwanafunzi wetu. Kumbe haikuwa huruma, ulikuwa mlango wa nyuma. Mwenyewe alikuja kueleza kwamba angelijua hilo mapema, asingelikwenda.

Bahati nzuri hakujua, akaenda. Jina lake ni Ellen Henrietta Swallow, na baada ya kuolewa akawa Ellen Swallow Richards. Kama unasoma sayansi ya mazingira, uhandisi wa maji, afya ya jamii au lishe, kazi ya huyu mama imo ndani ya kozi yako, hata kama jina lake hujalisikia darasani. Alifanya mengi, lakini makala hii inashika zaidi jambo moja: alivyofundisha watu namna ya kujua kwamba maji yamechafuliwa. Jambo hilo linaonekana dogo mpaka ujaribu kulifanya.

Binti wa duka

Ellen alizaliwa tarehe 3 Desemba 1842 katika kijiji cha Dunstable, jimbo la Massachusetts, kaskazini mashariki mwa Marekani. Alikuwa mtoto pekee. Baba na mama wote walikuwa wamewahi kufundisha shule, na baba alilima. Shule za kijijini hazikuwaridhisha, hivyo wakamfundisha wenyewe nyumbani. Mwaka 1859 familia ilihamia mji wa Westford ili binti apate kusoma sekondari, na baba akafungua duka.

Duka lile lilikuwa shule ya pili. Ellen aliuza, alipanga mali, aliandika hesabu. Akajifunza mapema kutazama kitu anachouziwa mtu: je, hiki ni kile kinachosemwa, au kimechanganywa? Miaka mingi baadaye, alipoandika kitabu kuhusu vyakula na namna vinavyochakachuliwa, alikuwa anarudi kwenye kaunta ya baba yake akiwa na vifaa vya maabara.

Baada ya sekondari hakukuwa na pa kwenda. Vyuo vya kumfundisha msichana sayansi kwa kina vilikuwa vya kuhesabika. Akabaki nyumbani miaka kadhaa, akifundisha watoto, akisaidia dukani, akimuuguza mama aliyekuwa mgonjwa wa mara kwa mara. Kila kazi ndogo aliyoipata aliiwekea akiba. Kufikia mwaka 1868 alikuwa na dola 300. Kwa fedha hizo akaingia Chuo cha Vassar, katika jimbo la New York, chuo cha wanawake kilichokuwa na miaka mitatu tu tangu kifungue milango. Alikuwa na miaka 25, dada mkubwa kati ya mabinti wadogo, na bumu halikuwepo. Alijisaidia kwa kuwafundisha wenzake masomo ya ziada.

Pale Vassar alikutana na Maria Mitchell, mwanaastronomia aliyegundua nyota yenye mkia mwaka 1847, na profesa wa kemia Charles Farrar, aliyeamini kwamba sayansi haina budi kutatua shida za watu. Angeweza kufuata nyota. Akachagua kemia, kwa sababu aliona inaweza kushuka mpaka jikoni, kisimani na kwenye mfereji wa maji machafu. Alihitimu mwaka 1870, akaomba kazi kwenye kampuni za wakemia, hakupata. Kwenye moja ya majibu aliyopewa kulikuwa na ushauri: jaribu kile chuo kipya cha Boston. Hapo ndipo ilipoanza habari ya ada.

Kushona vifungo, kupima maji

Alianza masomo MIT mwanzoni mwa 1871. Baraza la chuo liliweka wazi kwamba kupokelewa kwake kusichukuliwe kuwa mwanzo wa kupokea wanawake kwa jumla. Mwaka huohuo baba yake aliumia vibaya kwenye ajali ya treni, akafariki. Binti pekee akawa na mama mgonjwa, masomo magumu, na chuo kisichotaka aonekane.

Alifanya kitu ambacho wasomaji wengine, hasa akina dada, wanaweza kukiona hakina heshima. Alijifanya wa manufaa. Alifagia, alifuta vumbi kwenye meza za maabara, aliwashonea maprofesa vifungo vilivyokatika, alimfunga bandeji aliyejikata kidole. Alipiga hesabu kwamba wakishamzoea kwa mambo madogo, hawatashtuka wakimkuta kwenye mizani na mirija ya kemia. Unaweza kubishana na mbinu hiyo, na ubishi huo una haki yake. Lakini mbinu ilimfikisha alikokuwa anakwenda.

Mwaka 1872 Bodi ya Afya ya jimbo la Massachusetts, iliyokuwa imeundwa mwaka 1869, ilimtaka profesa William Ripley Nichols wa MIT achunguze maji ya jimbo. Nichols akamchukua Ellen kuwa msaidizi. Huko ndiko alikoshika ufundi wa kuchambua maji: usafi wa chupa, uangalifu wa vipimo, na subira ya kurudia kazi ileile mara mia bila kuchoka na bila kuandika namba ya kubuni ili uwahi nyumbani.

Mwaka 1873 akapata digrii ya kwanza ya sayansi ya MIT, mwanamke wa kwanza kuipata, na mwaka huohuo Vassar ikampa shahada ya uzamili. Akaendelea na utafiti MIT kwa matumaini ya kufika shahada ya uzamivu. Hakuipata kamwe. Kemia yake ilitosha. Kilichokosekana ni chuo kilichokuwa tayari kumpa mwanamke shahada hiyo.

Mwaka 1875 aliolewa na Robert Hallowell Richards, profesa wa uhandisi wa migodi palepale MIT, na safari yao ya fungate walikwenda pamoja na darasa la wanafunzi wa migodi. Nyumba yao, katika kitongoji cha Jamaica Plain, aliifanya kama maabara nyingine: alijaribu namna ya kuingiza hewa safi, kupasha nyumba joto, kuondoa maji machafu. Mume alikuwa na mshahara, mke hakuwa nao, lakini mshahara huo ulimwezesha mke kufanya kazi bila kulipwa. Mwaka 1876, kwa msaada wa chama cha wanawake cha elimu cha Boston, MIT ilifungua maabara ya wanawake. Ellen alifundisha pale bila malipo, tena akichangia fedha zake mwenyewe kila mwaka. Maabara ile ilifungwa mwaka 1883, na kufungwa kwake kulikuwa ushindi: wanawake walikuwa wameanza kupokelewa MIT kama wanafunzi wengine, kwa hiyo chumba cha pembeni hakikuhitajika tena.

Sasa fikiria, maabara imefungwa, wanafunzi wako wameingia kwa mlango wa mbele, wewe mwenyewe huna kazi. Ndivyo ilivyokuwa kwake kwa muda. Mwaka 1884 chuo kikaanzisha maabara ya kemia ya usafi na afya, kikamwajiri kuwa mkufunzi. Alikuwa na miaka 41.

Mto mmoja, miji miwili

Ili kuelewa kazi iliyofuata, lazima uone hali ya Massachusetts wakati ule. Lilikuwa jimbo la viwanda. Katika mto Merrimack kulikuwa na mji wa Lowell wenye viwanda vya nguo, na chini yake, kwenye mto uleule, mji wa Lawrence, nao wenye viwanda vya nguo. Lowell ilimwaga maji taka mtoni. Lawrence ilichota maji ya kunywa kutoka mto huohuo. Homa ya matumbo, ambayo wengi tunaiita taifodi, iliua watu katika miji yote miwili.

Leo tunaona jibu ni dhahiri. Wakati ule halikuwa dhahiri. Wenye viwanda na wenye miji waliweza kusema kwamba mto unajisafisha wenyewe ukishasafiri maili kadhaa, na kwamba maji yanang'aa, hayana harufu, basi ni mazima. Mtu wa Bodi ya Afya angewajibu kwa kitu gani? Kwamba anahisi? Mwaka 1886 jimbo lilipitisha sheria ya kulinda usafi wa maji ya bara, yaani mito, mabwawa, maziwa na visima, na Bodi ya Afya ikapewa jukumu la kuyasimamia. Lakini sheria bila kipimo ni karatasi tu. Ukimshtaki mtu kwamba amechafua maji, lazima uonyeshe yalivyokuwa kabla hajayachafua.

Kuanzia mwaka 1887 ulifanyika uchunguzi ambao Marekani ilikuwa haijauona. Kiongozi wake upande wa kemia alikuwa profesa Thomas Drown wa MIT, na aliyesimamia maabara siku hadi siku, akiwa na wasaidizi wake, alikuwa Ellen Richards. Sampuli zilichukuliwa kila pembe ya jimbo, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka miwili hivi. Zilifika takriban 20,000.

Rudia hiyo namba polepole, wewe uliyechukua sampuli kumi za fildi ukaona dunia imeisha. Hapakuwa na mashine unayochovya majini ikakupa jibu kwa sekunde. Kupima amonia, kwa mfano, maji yalichemshwa, mvuke ukapozwa na kukusanywa, kisha kikatiwa kimiminika cha Nessler kinachogeuza amonia kuwa rangi ya njano. Rangi ile ililinganishwa kwa macho na mirija mingine ambayo kiasi chake kinajulikana. Na maji hayasubiri. Sampuli ikilala, vijidudu vinaendelea kula na amonia inabadilika, kwa hiyo kila chupa iliyofika ilitaka kupimwa haraka.

Walitafuta pia nitriti na nitrati, na hapo kuna siri nzuri ya kemia. Uchafu wa binadamu na wanyama unapooza majini, naitrojeni yake huanza kama amonia, ikageuka nitriti, kisha ikaishia nitrati. Kwa hiyo ukikuta amonia nyingi, uchafu ni wa karibuni. Ukikuta nitriti, kazi ya kuoza inaendelea. Ukikuta nitrati peke yake, uchafu uliingia zamani, au mbali na hapo. Ni kama kusoma nyayo: unajua mtu amepita, na unakadiria amepita lini.

Ramani ya chumvi

Lakini kipimo kilichompa jina kilikuwa cha kitu cha kawaida kabisa, yaani klorini iliyomo kwenye chumvi, ambayo leo tunaiita kloridi. Binadamu anakula chumvi na kuitoa kwa mkojo. Maji taka yote yana chumvi. Uzuri wa kloridi ni kwamba haioti, haiozi, hailiwi na bakteria, na udongo hauizuii. Amonia inaweza kupotea njiani, lakini chumvi inasafiri na maji mpaka mwisho. Kama choo kimevuja kuingia kisimani, chumvi itasema.

Shida ni kwamba chumvi ina chanzo kingine. Massachusetts iko pwani ya bahari ya Atlantiki. Upepo unarusha matone ya maji ya bahari, mvua inayashusha nchi kavu, na kadiri unavyokwenda mbali na pwani ndivyo chumvi hiyo inavyopungua. Kwa hiyo chukua visima viwili vyenye kiasi kilekile cha kloridi. Kimoja kiko karibu na ufuo, na pale kiasi hicho ni cha kawaida tu, hakuna aliyekosea. Cha pili kiko magharibi, kwenye vilima, mbali na bahari, na pale kiasi hichohicho kinapiga kelele kwamba kuna kinyesi cha binadamu kinaingia. Namba ni moja, hukumu ni mbili.

Hapo ndipo ilipokuja hekima ya uchunguzi ule. Ili kujua wapi pamechafuka, walikwenda kupima kwa bidii mahali pasipochafuka: mabwawa ya msituni, vijito visivyo na nyumba jirani, vyanzo ambavyo hakuna mtu aliyekuwa anavilalamikia. Matokeo yale yakachorwa kwenye ramani, na sehemu zenye kiwango sawa cha klorini zikaunganishwa kwa mistari, kama kontua za mlima. Mistari ikajipanga kufuata pwani, ikishuka kiwango kila inapoingia bara. Hiyo ndiyo ramani ya kiwango cha kawaida cha klorini, ambayo jina la Richards limebaki nayo. Kuanzia hapo mtu aliyetaka kujua hali ya kisima alipima kloridi yake, akatazama ramani, akaona mstari wa pale unasema nini. Kilichozidi mstari kilikuwa cha binadamu.

Naomba tusimame hapa kidogo, maana hili ndilo nililotaka tulipate kwa mama huyu. Wengi wetu tukisikia utafiti wa uchafuzi, tunakimbilia penye uchafu, kwenye bomba la kiwanda, kwenye mto uliogeuka mweusi. Hata fedha za utafiti hutoka huko penye kelele. Ellen Richards alionyesha kwamba nusu ya kazi iko mahali pa kimya. Usipoandika maji masafi yanafananaje, siku yatakapochafuka hutakuwa na neno la kusema mbele ya mwenye kiwanda wala mbele ya hakimu.

Kilichotokea baadaye

Uchunguzi ule haukumaliza taifodi peke yake, na si haki kusema hivyo. Kemia inaweza kusema kinyesi kimeingia, lakini haioni bakteria wa ugonjwa. Kazi hiyo iliwahitaji watu wengine, akiwemo William Sedgwick, mwanabiolojia wa MIT, aliyefuatilia mlipuko wa taifodi wa Lowell na Lawrence. Ilihitaji pia wahandisi. Mwaka 1887 Bodi ya Afya ilianzisha kituo cha majaribio pale Lawrence, kando ya Merrimack, kujaribu namna ya kuchuja maji na maji taka. Mwaka 1893 mji wa Lawrence ukafungua chujio kubwa la mchanga, na vifo vya taifodi vikapungua sana. Kemia, biolojia na uhandisi vilikutana kwenye glasi moja ya maji. Huo ndio mwanzo wa taaluma nzima, na Ellen Richards alikuwa miongoni mwa waliowafundisha wahandisi wa kwanza wa usafi pale MIT. Mwaka 1900, pamoja na mwenzake Alpheus Woodman, alitoa kitabu cha kiada kuhusu hewa, maji na chakula kwa jicho la afya.

Kuna neno pia. Mjerumani Ernst Haeckel alikuwa ameunda neno ekolojia mwaka 1866. Mwaka 1892 Ellen Richards alilitangaza Boston kama jina la elimu aliyoitaka: elimu ya mazingira ya binadamu, hewa anayovuta, maji anayokunywa, nyumba anayolala, chakula anacholishwa. Wanabiolojia wakalichukua neno kwa ajili ya mimea na wanyama, yeye akabaki na elimu bila jina. Akaliacha, akaendelea na kazi kupitia njia nyingine, ile ya sayansi ya nyumbani. Aliongoza mikutano ya Lake Placid kuanzia 1899, na chama cha kitaifa cha fani hiyo kilipoundwa, yeye akawa rais wake wa kwanza.

Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Wanasema aliyeuvunja mlango wa maabara ndiye aliyewarudisha wanawake jikoni. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu vyuo vingi baadaye vilitumia sayansi ya nyumbani kuwa chumba cha kuwawekea wasichana waliotaka kemia. Lakini ukisoma maisha yake mwanzo mpaka mwisho utaona kwake jiko halikuwa mahali pa kumficha mwanamke. Lilikuwa mwisho wa bomba. Maji aliyoyapima mtoni ndiyo yaliyoingia kwenye sufuria ya mama wa Lawrence, na alitaka mama huyo awe na elimu ya kuuliza yametoka wapi.

Chuo cha Smith kilimpa udaktari wa heshima mwaka 1910. Alifariki nyumbani kwake tarehe 30 Machi 1911 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 68. Cheo chake MIT kilikuwa bado kilekile cha mwaka 1884, mkufunzi. Miaka 27, hakuwahi kuitwa profesa. Mwaka 1973, karne moja tangu ahitimu, chuo kilianzisha nafasi ya uprofesa yenye jina lake. Wapo waliolitazama hilo kama heshima na wapo waliolitazama kama deni lililochelewa kulipwa, na nadhani wote wako sawa.

Na sisi je?

Sijaandika haya ili tumpigie makofi mtu wa mbali. Njia yake inatufaa hapahapa. Chukua visima vya Dar es Salaam. Ukikuta kloridi nyingi kwenye kisima cha mtaani, ni bahari inayojipenyeza chini ya ardhi kwa sababu tunavuta maji mengi mno, au ni choo cha shimo cha jirani? Ni swali lilelile la Massachusetts, na jibu linataka mambo yaleyale: umbali kutoka baharini, nitrati iliyoambatana nayo, na vipimo vya miaka iliyopita.

Chukua pia floraidi ya upande wa Arusha, kwenye miteremko ya Meru. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo vya huko vinavyopita hapo mbali, hata meno ya watu yanabadilika rangi. Hapo hakuna kiwanda cha kulaumu, ni miamba ya volkano. Hili linatuongezea somo ambalo ramani ya klorini peke yake haitoi: cha asili si lazima kiwe salama. Kiwango cha kawaida kinakuambia kitu kimetoka wapi. Usalama wa kunywa ni swali la pili, na yote mawili lazima yaulizwe.

Tena hatuanzi kutoka sifuri. Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanapima mto fulani, bwawa fulani, visima vya kata fulani. Wanafunga kitabu, wanapata maksi, wanahitimu, na namba zile zinalala kabatini. Zikilala bila tarehe, bila mahali halisi, bila kueleza kifaa kilichotumika, haziwezi kumsaidia mtu yeyote. Zikiandikwa vizuri na kutunzwa pamoja, baada ya miaka kumi tutakuwa na kitu ambacho mwenye bomba hawezi kukibishia.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa mwaka wa tatu unayelalamika kwamba umepangiwa kijito kisafi, kisicho na habari yoyote, wakati mwenzako amepewa mto wa viwanda: umepewa kazi kubwa kuliko yake. Kapime kwa uangalifu, uandike, uache nakala mahali inapoweza kupatikana. Siku maji ya kijito hicho yatakapogeuka rangi, mtu atakuja kuuliza zamani yalikuwaje, na jibu litakuwepo kwa mwandiko wako.